Bei ya Kitabu

Reino Lahti alikuwa amenunua magari saba maishani mwake, na hata moja hakulilipia zaidi ya bei ya kitabu. Kule kaskazini mwa Minnesota, kwenye miji ya machimbo ya chuma, sifa ya namna hiyo si ndogo. Wapo waliozikwa na medali zao za vita, lakini waombolezaji walipokaa kunywa kahawa wakazungumzia tu jinsi marehemu alivyomkamua muuza magari mwaka fulani mpaka jasho likamtoka. Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuingia mfukoni, kikikuambia gari la mwaka fulani lenye maili kadhaa linastahili kiasi gani. Siku hizi kimehamia kwenye simu, lakini watu bado wanakiita kitabu, na Reino bado alikuwa akipapasa mfuko wa shati kukitafuta.

Akikikosa alikuwa anamuuliza mkewe, Darlene, ni nani aliyekichukua. Akijibiwa anatulia, halafu baada ya muda anauliza tena. Kumbukumbu ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, na daktari wa Duluth alikuwa ameshasema hairudi.

Sasa Darlene ndiye aliyekuwa akiendesha, na pikapu yao ilikuwa imechoka kuliko wao. Gia zilikuwa zinateleza, hita imekufa, na kiti chake kiko juu kiasi kwamba kumpandisha Reino ilikuwa kazi ya kumsukuma makalio mbele ya majirani. Binti yao Kristi, aliyekuwa akiishi Minneapolis, alikuwa ameshatoa kauli kwenye simu: "Mama, bila gari la uhakika hamwezi kukaa huko baridi hii. Baba tutampeleka kwenye nyumba ya wazee, na wewe utakuja kwangu." Alisema kwa upendo, na ndiyo maana ilimuuma Darlene zaidi.

Alikuwa na dola elfu kumi na sita, basi. Kwenye yadi ya magari yaliyotumika aliliona gari dogo la kijivu, la chini, la kuingia bila kusukumwa, na kitabu kilisema elfu kumi na tatu na mia tano. Kilichobaki alikuwa ameshakipangia: ni cha Peggy, jirani aliyekuwa akija mara mbili kwa wiki kukaa na Reino ili Darlene alale mchana, kwa sababu usiku Reino alikuwa hakai, anazunguka nyumba nzima akijaribu vitasa vya milango. Pesa hiyo ingemlipa Peggy mpaka theluji iyeyuke. Darlene hakuwa na tamaa ya mambo makubwa. Alitaka kulala tu.

Lakini kwa gari hilo yadi ilikuwa inataka elfu kumi na sita zote.

"Unakwenda kununua gari bila mimi?" Reino alimuuliza asubuhi ile, akiwa ameshavaa viatu. "Watakuchuna ngozi, mke wangu."

Kwa kweli Darlene hakuwa amepanga kumwacha. Njia nzima alimkaririsha bei ya kitabu, naye akaikariri kwa furaha, mvuke ukimtoka mdomoni ndani ya pikapu isiyo na joto. Moyoni mwake Darlene alikuwa na tumaini la kipumbavu, kwamba huenda mikono ya mtu haisahau kazi yake hata kichwa kikisahau.

Na kweli, kwa muda kidogo haikusahau. Muuzaji aliyewapokea alikuwa kijana mnene mwenye ndevu nyekundu, jina lake Cody Brandvold, amevaa viatu vyembamba vya ofisini katikati ya theluji. Alichukua funguo za pikapu ili fundi aikague, maana walikuwa wanaitoa pia kama sehemu ya malipo, akaanza kulisifu lile gari la kijivu. Kizuri chajiuza, lakini wauza magari hawajawahi kuiamini methali hiyo.

Reino alipiga goti kwenye theluji, akapitisha vidole chini ya mlango.

"Chumvi ya barabarani imeshaanza kula hapa," alisema. "Na hizi tairi za nyuma ni za wapi? Za baiskeli?"

"Bado zina uhai, mzee."

"Hata mimi bado nina uhai, lakini hakuna anayeniuza kwa elfu kumi na sita."

Cody alicheka mpaka tumbo likatikisika. Darlene naye alicheka, na akageuka kando kidogo, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjia. Alikuwa hajamwona mume wake huyu wa zamani tangu kiangazi.

Ndani walikalishwa kwenye meza, wakaletewa kahawa. Reino alivua koti akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Akanywa kahawa yote bila kusema neno, kama alivyokuwa akifanya zamani, mpaka kijana akaanza kuchezea kalamu. Ndipo aliposema: "Elfu kumi na tatu na mia tano. Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Ngoja nimwone meneja," Cody akasema.

Meneja alikuwa kwenye chumba cha vioo, anakula mkate wa nyama. Walimwona Cody akizungumza naye. Cody alirudi na uso wa huzuni, ule ambao wauzaji hurudi nao siku zote.

"Meneja anasema bei ni ile ile. Ila atawatilia mazulia ya mpira ya miguuni, bure kabisa."

"Mazulia!" Reino alisema. "Kijana, sikuja kutandika sebule."

Halafu akachukua kofia yake ya manyoya yenye masikio, akaivaa polepole kwa mikono miwili, akainuka na kutoka.

Darlene alibaki pale pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika magari yote saba. Reino alikuwa na sheria moja aliyowafundisha hata wanawe kabla hawajajua kuendesha: asiyeweza kuinuka kwenye kiti ameshanunua. Kwa hiyo yeye alikuwa anainuka, anavaa kofia, anakwenda kusimama kwenye bampa ya gari lao, mgongo kwa wauzaji. Mkewe anabaki ndani, anakumbatia mkoba, anashusha pumzi na kusema, "Huyo akishatoka ametoka." Na muuzaji anatoka mbio na kalamu mkononi. Mwaka waliponunua gari la kahawia Reino alisimama nje mpaka sharubu zikaganda, na walimjia.

Darlene alikumbatia mkoba. "Huyo akishatoka ametoka," alisema.

Cody alimtazama kwa huruma. "Mama, nisikudanganye. Zamani tulikuwa tunawakimbilia. Siku hizi magari mapya hayaji, yaliyotumika ndiyo yanayogombaniwa. Ikifika Jumamosi, gari hili halipo. Watu wanakuja na kitabu kila siku, lakini kitabu hakiuzi magari."

"Na sisi tunaweza kwenda kwingine."

"Mnaweza. Watakuambieni kama mimi, tena bila mazulia."

Darlene alinyamaza kwa makusudi, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba anayenyamaza muda mrefu zaidi ndiye anayeshinda. Alimwona kijana akigeuka kuangalia chumba cha vioo, akadhani analegea. Akajiambia, bado kidogo. Alimwazia Peggy, akawazia blanketi na mapazia yaliyofungwa mchana, na akaendelea kukaa. Mkono wake ulikuwa umeegemea kitu laini kwenye kiti cha pili, na alikuwa amekiegemea muda mrefu kabla hajaangalia ni nini.

Lilikuwa koti la Reino.

Katika magari yote saba Reino hakuwahi kusahau koti. Darlene aliinuka nalo akaenda dirishani. Pale walipoegesha pikapu hapakuwa na pikapu. Palikuwa na alama za tairi tu, na nyayo za mtu zilizofika hapo, zikazunguka, zikazunguka tena, halafu zikaelekea barabarani.

"Gari letu liko wapi?"

"Fundi kalipeleka nyuma, kulikagua." Cody alikuwa ameshasimama. "Kwani vipi, mama?"

"Yeye hajui!" Darlene alisema. "Hana kumbukumbu. Anaumwa ugonjwa wa kusahau!" Hilo ndilo neno alilokuwa amelificha asubuhi nzima nyuma ya kofia na mizaha, na sasa lilikuwa limetoka mbele ya mtu anayemuuzia.

Cody hakuuliza la pili. Alilinyakua koti mkononi mwa Darlene, akatoka akikimbia na vile viatu vyake vya ofisini, anateleza, anashika magari ya watu, anaendelea. Darlene alimfuata kwa kadiri magoti yalivyomruhusu. Malori ya magogo yalikuwa yanapita kwenye barabara kuu yakirusha theluji chafu hadi pembeni, na katikati ya ile theluji aliona kofia ya manyoya. Reino alikuwa ukingoni mwa barabara, na shati tu, anatembea kwa bidii ya mtu anayejua aendako, kumbe anaelekea upande usio wa nyumbani.

Cody alimfikia kwanza. Alimshika bega, akamvuta mbali na lami, akamfunika koti. Darlene alipofika anahema, alimkuta mumewe amejaa ushindi, midomo ya bluu, anamtikisia kijana kidole.

"Nilijua utanifuata," Reino alikuwa anasema. "Wote mnafuata. Haya, mmeshuka mpaka ngapi?"

Cody alimtazama Darlene. Theluji ilikuwa imemfika kwenye soksi.

"Tumeshuka, mzee," akasema. "Twende ndani tukaandikiane."

Walimkalisha karibu na hita, wakampa kahawa nyingine na andazi tamu. Mwanamke mmoja wa ofisini alimletea blanketi. Kila mtu alikuwa mwema. Darlene alisimama kando ya meza, akamwona Cody akiingia tena kwenye chumba cha vioo na suruali yake imelowa hadi magotini. Safari hii kijana alizungumza kwa mikono yote miwili. Meneja alimsikiliza, akatazama nje mara moja, akamtazama yule mzee aliyefunikwa blanketi, akatikisa kichwa kukataa.

Cody alirudi hana ule uso wa huzuni wa wauzaji. Alikuwa na uso wake mwenyewe.

"Nimejaribu, mama. Kweli nimejaribu."

Darlene alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu. Alikuwa akitegemea, haya ndiyo yaliyomtia aibu baadaye, kwamba wakishamwona Reino alivyo watapunguza. Huruma walikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini yadi nzima sasa ilikuwa inajua kwamba mwanamke huyu hawezi kwenda yadi nyingine leo, wala kesho, na hawezi kumpandisha mzee yule kwenye pikapu isiyo na joto. Mwenye shida hachagui. Alivuta kiti akaketi, akatoa hundi, akaandika elfu kumi na sita. Ile mia tano waliyompa kwa pikapu iliishia kwenye namba za gari na kodi.

Gari la kijivu lilikuwa na joto zuri. Reino aliingia peke yake bila kusukumwa, akafunga mkanda, akapapasa dashibodi kwa vidole. Misonobari ilipita, na vilima vya udongo mwekundu vya machimbo, juu vyeupe.

"Umelipa ngapi?" Reino aliuliza.

Darlene alikuwa ameshaliandaa jibu. "Bei ya kitabu. Ulimkamua vizuri."

Reino alitikisa kichwa taratibu kukubali, na Darlene akadhani yamekwisha. Walipita kanisa, wakapita njia ya kwenda ziwani.

"Zamani walikuwa wakinifuata na kalamu," Reino alisema. Sauti yake ilikuwa ya yule Reino wa magari saba, haina ukungu hata kidogo. "Huyu kanifuata na koti."

Darlene alikaza macho barabarani.

"Umelipa zaidi ya kitabu, Darlene."

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

Angeweza kudanganya mara ya pili, lakini hakuwa na nguvu. "Nilishindwa kuinuka," alisema, na machozi yakamtoka bila haya, akiendesha. "Nilikaa mle ndani nikijua uko nje. Nilidhani unashinda. Nilikaa kwa ajili ya pesa ya Peggy."

Reino alifikiri. Alimkumbuka Peggy, hilo lilionekana usoni pake, na alikumbuka pia Peggy anakuja kufanya nini. Alivua kofia yake ya manyoya, akaiweka juu ya magoti, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi mwambie asije tena," alisema. "Wewe lala usiku. Mimi nitakaa kwenye kiti, Darlene. Sitainuka."

Alisema kama mtu anayeweka sahihi. Darlene akasema, "Haya, mume wangu," akafuta macho kwa mkono wa koti.

Walipofika kwenye daraja la reli Reino alianza kupapasa mfuko wa shati.

"Nani kachukua kitabu changu?" akauliza.