Foleni ya Kufungua Ziwa

Guylain hakuwa mwizi, tuelewane. Alikuwa kitu kibaya zaidi: mtu aliyehudhuria semina mbili Lubumbashi, akarudi Nchelenge, kando ya ziwa, na jibu la kila swali.

Serikali ilipofunga uvuvi mwezi wa Desemba ili samaki wazaane, fedha za wauza samaki zililala tu chini ya magodoro. Guylain akafungua ofisi, akazikusanya kwa ahadi ya faida, akaziamsha. Akazinunulia sarafu ya mtandaoni iliyobuniwa na vijana wa Lubumbashi, ambayo wauza samaki wa pande zote mbili za ziwa waliipenda kuliko wokovu. Ukiifungia huwezi kuitoa mpaka wenyewe wafungue, lakini inazaa riba, na unapewa risiti ya kwenye simu inayouzika kama sarafu yenyewe. Guylain hakuziacha risiti za wateja zikae bure. Aliziweka rehani kwenye jukwaa la mikopo la mtandaoni, akakopa, akanunua sarafu nyingine, akafungia tena. Alijiona bingwa!

Za mke wake Keren zilikuwemo, faida ya vitenge. Na za mama-mukwe, Florentine, zilikuwemo. Mama huyo alikuwa anatafuta injini ya mtumbwi, maana kila mwaka alikodi injini za watu kwenda Kilwa ya ng'ambo ya ziwa kuchukua samaki, na faida yote ikaishia kwa wenye injini. Kwa desturi yao mukwe na mama-mukwe hawatazamani usoni, basi wasiwasi wake ulipitia kwa Keren.

"Mama anauliza, franga yake itatoka mbele ya ziwa kufunguliwa?"

"Mwambie asiogope! Mwezi wa pili wanafungua mlango wa kutoa. Kila mutu atatoa wakati anapenda. Risque, hatari yote, imekufa, tumeizika!"

Loo! Mlango ukafunguliwa kweli, wiki ya mwisho ya Februari. Na wiki hiyo, toka Pweto mpaka Kashikishi, nani hataki fedha? Nyavu, petroli, chumvi, vyote vinanunuliwa wakati mmoja, kwa kuwa ziwa linafunguliwa siku moja kwa wote. Guylain alikulia kwenye samaki, na hilo hakulikumbuka. Semina haikulitaja.

Foleni ya kutoa ikawa ndefu. Wenye haraka wakauza risiti zao kwa bei ya kutupa, bei ikaporomoka, na jukwaa la mikopo lilipoona rehani haitoshi tena, likaziuza risiti zote za wateja palepale, bila hodi, na fedha zao zikapotea. Mashine haina mukwe.

Kesho yake asubuhi Florentine aliingia ofisini mwake, akaketi, akamkazia macho. Guylain aliogopa kuliko angeona polisi. Mama-mukwe akikutazama hivyo, ujue heshima imefika mwisho.

"Ile foleni," akasema, "nani njo alitoka wa kwanza?"

Angeweza kudanganya. Lakini macho yale!

"Ni miye, mama. Sarafu zangu mwenyewe. Nilitoa saa ile ile walifungua."

"Na siye ulituambia tusiogope."

"Ndiyo, mama."

"Basi injini yangu iko mufukoni mwako."

Guylain akashika simu na kumtumia fedha zote alizokuwa nazo, hata za sabuni hazikubaki. Aibu ilimwakia masikioni, lakini moyoni alipata nafuu: huyu akitulia, na wengine watatulia. Florentine hakushukuru. Akaenda sokoni mchana kweupe, akanunua injini, akaipitisha kwa mkokoteni mbele ya wauza samaki wote.

Wakajua kwamba Guylain analipa.

Muda si muda kelele zikajaa nje. Akachungulia dirishani. Watu walikuwa wamepangana mpaka barabarani, simu mikononi.

"Musiogope!" akapaza sauti. "Kutoa ni mambo ya siku kidogo tu!"

Hakuna aliyesogea. Na wa kwanza kabisa mlangoni, kitenge amekikaza kiunoni, alikuwa Keren.