Yai Kubwa la Wifi Renae

Yai la Renae lilikuwa kubwa hata halikuingia kwenye tundu la trei. Mama Ardis aliliweka mezani, kati ya sahani ya nyama na bakuli la viazi, likakaa pale tangu sala mpaka kahawa kama mgeni wa heshima. Kando yake akaweka yai moja la Corinne, la kahawia, lile lile la siku zote. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Haya, hili ndilo yai," kisha akamtazama Renae, binti yake wa kumzaa, kwa jicho ambalo Corinne, mke wa mwanawe, alikuwa akilingoja mwaka wa saba sasa.

Corinne alicheka pamoja na wenzake. Chini ya meza alikuwa anasokota kitambaa cha mapajani mpaka kikawa kamba.

Tangu aolewe na Lowell, mayai ya ukoo ule yalikuwa kazi yake. Yeye alizaliwa Omaha, kwenye ghorofa isiyo hata na kibaraza, na alifika Minnesota hajui kuku analala vipi. Mama mkwe ndiye aliyempa vifaranga sita wa kwanza ndani ya boksi la viatu, akamfundisha kuwashika na kuwatazama utitiri chini ya mbawa. Na kila mwezi wa kumi, kanisa linapofanya karamu ya mavuno, keki nyeupe ya Mama Ardis, ile isiyo na siagi wala kiini, ute mtupu uliopigwa mpaka ukasimama wenyewe, ilitokana na mayai ya Corinne. Mwaka wake wa kwanza hakujua hata wimbo mmoja wa kanisa lile, na watu walimwita "yule mke wa Lowell." Karamu ilipokwisha akawa na jina. Mabibi wa jikoni walikuwa wakisema: keki ya Ardis, mayai ya Corinne.

Sasa Renae, dada yake Lowell, alikuwa amerudi kutoka Denver baada ya miaka kumi na minne. Ndoa ilikuwa imemshinda, naye alikaa kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya ghala la mama yake. Alikuja na mbwa na masufuria matatu, na mwezi haujaisha akawa na kuku tisa. Kuku wenyewe wanataga kama bata.

Kabla hawajainuka mezani, Mama Ardis akasema kwamba vidole vyake siku hizi havikunjiki vizuri, kwa hiyo mwaka huu Corinne na Renae watamvunjia mayai ya keki. Zilibaki wiki tatu kufika karamu. Kila mmoja alete aliyo nayo. Kisha akaongeza, kwa utani wake ule unaochoma polepole, "Ila wewe Corinne, mwanangu, ukileta hayo ya njiwa itabidi uyabebe kwa ndoo."

Hata Lowell alicheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake Corinne alianza kuwalisha kuku wake upya. Chakula cha dukani, kile cha kutagia, alikiona hakina maana tena. Akawamwagia mahindi asubuhi na alizeti mchana. Akawapelekea makaroni yaliyolala, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, mafuta ya bekoni yaliyoganda kwenye kikaango. Mtu alimwambia chakula cha paka kinajenga mwili, akanunua makopo manne ingawa hawakuwa na paka. Lowell, akirudi kutoka kwenye kombaini ya kuvunia, nywele zimejaa vumbi la soya, alifungua jokofu, akasimama, akauliza kama katika nyumba hii siku hizi ni heri mtu kuzaliwa kuku. Corinne akamjibu kwamba bandani nafasi ipo, achukue blanketi lake.

Kuku nao walimpenda ajabu. Walimkimbilia wakisikia mlango tu, wakaacha chakula chao kwenye chombo kikiota ukungu. Binti yake Tilda, mwenye miaka minne, alifurahi kuona mtetea wake Siagi amenenepa hata anatembea kama mchungaji aliyeshiba. Lakini mayai, kila asubuhi Corinne akiyaweka kwenye mizani ya jikoni, yalikuwa yale yale. Wiki ya pili yakaanza kupungua. Kuku wanane waliokuwa wakimpa mayai saba kwa siku, sasa manne, mara matatu.

Akatafuta kisingizio cha kwenda kwa Renae. Alichukua bakuli la Renae lililokaa kwake, akavuka uwanja kulirudisha, na Renae alipoingia ndani kuweka chai, Corinne akafunua pipa la chakula. Mlikuwa na vile vidonge vya dukani tu, na kopo la maganda ya chaza yaliyosagwa. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Hakuna kingine. Walipokuwa wanakunywa chai akamuuliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, kuku hawa unawapa nini. Renae akasema anawapa hicho hicho tu. Corinne akatabasamu kwa meno. Rohoni akasema, anaficha. Hakuna apataye yai kama lile kwa vidonge.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya karamu, Tilda alimjia analia kwamba Siagi hataki kucheza. Corinne alimkuta mtetea kwenye pembe ya banda, manyoya amevimbisha, mkia umeanguka, anafumba macho na kuhema kwa mdomo. Akampapasa chini ya mkia. Mlikuwa na yai, gumu, kubwa, halishuki. Lowell alikuwa shambani kwa jirani, na Mama Ardis tayari yuko kanisani anapanga vikombe. Alibaki mtu mmoja anayejua kuku. Corinne alikaa na simu mkononi akimtazama Siagi anavyohema, akaona kwamba angeweza kumwacha kuku afe kuliko kumpigia mtu yule, na hilo lilimtisha hata akapiga.

Renae alikuja mbio, viatu vya tope miguuni. Walijaza maji ya uvuguvugu kwenye sinki la kufulia, wakamtia Siagi mpaka shingoni, na mawifi hao wawili wakakaa wamemshika, mmoja huku na mmoja kule, kwa zaidi ya nusu saa. Renae alimsugua tumbo taratibu kwa kidole chenye mafuta. Kisha akasimamisha mkono.

"Wifi, huyu unamlisha nini?"

Corinne akamwambia yote. Alipofika kwenye chakula cha paka, Renae aliinamisha kichwa juu ya sinki, mabega yakatikisika kwa kicheko.

"Mafuta yamejaa humu," akasema. "Yai lipite wapi? Hawa wako ni wa mwaka huu, wangeachwa tu, yai lingekua lenyewe."

"Na wako?"

"Wangu ni vikongwe. Niliwachukua kwa mzee mmoja aliyekuwa anawapeleka kuchinjwa. Kuku akizeeka yai linakuwa kubwa, ila ganda lake karatasi. Nusu yanapasukia mfukoni mwa koti kabla sijafika mlangoni." Akapangusa jicho kwa bega. "Mama haoni yaliyopasuka. Anaona lililofika mezani."

Kumbe hapakuwa na siri. Corinne alitegemea moyo utatua, haukutua. Yule amekuja na vikongwe wa kuchinjwa, na bado amewekewa yai lake katikati ya meza.

Siagi akakunja shingo, akajikamua, yai likatoka majini. Lilikuwa kubwa kuliko lolote Corinne aliloliona. Na aibu yake ni hii: wazo lake la kwanza halikuwa kwamba kuku amepona. Lilikuwa kwamba limelishinda la Renae. Alilinyanyua, lina damu upande mmoja, na ganda likabonyea chini ya kidole gumba kama tunda lililoiva mno.

Renae alimfunga Siagi kwenye taulo, akampa Tilda ampakate. Mlangoni akasema Mama hana haja ya kujua habari hii. Hata wema huo ulimchoma Corinne.

Jumamosi asubuhi, kwenye jiko la chini ya kanisa, Corinne alikuwa na mayai saba, yote aliyoweza kukusanya. Renae alileta sita. Mama Ardis aliwawekea jagi la kioo na kuwaonyesha mstari ambao ute lazima ufikie, kisha akaitwa kwenda kuonyesha yaliko mabirika makubwa. Mabibi wawili walikuwa wanamenya tufaha upande wa pili.

Corinne alivunja yake kama alivyofundishwa, moja moja juu ya kisahani, akitazama ute kama ni safi ndipo aumimine kwenye jagi. Renae hakufundishwa hivyo, au alikuwa amesahau huko Denver. Alivunja juu ya jagi moja kwa moja. La kwanza likaenda salama. La pili, salama. Ute ulikuwa umebakiza kidole kimoja kufika mstarini.

Renae akachukua la tatu, na Corinne akaona ufa mwembamba umezunguka ganda lote.

Tone moja la kiini likiingia humo, basi. Ute hausimami tena, upige mpaka jioni. Jagi zima limwagwe, na yake saba humo humo, na keki isiwepo mezani kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Nao mabibi wangeuliza ni mkono wa nani. Corinne aliliona hilo lote katika muda wa mkono kuinuka. Aliona pia mwaka ujao, kila mtu akisema heri mayai ya Corinne. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Akasukuma kisahani chake juu ya mdomo wa jagi.

Ganda lilivunjika mkononi mwa Renae kabla hajaligonga popote. Kiini kikapasuka, kikatapakaa njano kwenye kisahani chote, kikaishia ukingoni. Renae alikitazama, akalitazama jagi, akamtazama Corinne.

"Ungeweza kuniacha," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilitaka," Corinne akajibu.

Renae akachukua kisahani kingine, akavunja la nne juu yake, taratibu, na ute ukafika mstarini. Mama Ardis alirudi, akaliinua jagi dirishani kulitazama, akaridhika. Mashine ya kupigia akampa Renae. Corinne akahisi wivu ule ule, kama kwamba haujawahi kuondoka. Akashika bakuli la ute kwa mikono miwili lisiteleze.

Bibi mmoja akauliza, huku anamenya, mwaka huu ni mayai ya nani.

"Ya wanangu," Mama Ardis akasema, hata hakuinua macho kutoka kwenye sukari aliyokuwa anapima.

Corinne alingoja jina lake. Halikuja, wala la Renae halikuja. Ute ulianza kuwa mweupe, na bakuli likataka kuzunguka, naye akalikaza.