Bangili ya Mama Anfal

Mbaruk sonara alikuwa na domo, na wateja wake wote wa Kariakoo walilijua. Alikuwa akimvuta mkewe, Azza, mkono mbele yao na kujitapa, "Hii bangili haivuliki mpaka mimi mwenyewe nitake." Alikuwa ameunganisha vipande viwili vya mpingo kwa mabamba ya fedha. Kwa kuwa mpingo hauvumilii moto wa kulehemu, alizigonga ribiti, vile vijisumari vya kubania, zikiwa baridi, bangili ikiwa tayari mkononi mwa Azza. Watu waliiona, wakaagiza za kwao, na Mbaruk akajiona hakuna fundi kama yeye.

Sasa Azza alikuwa amelazwa hospitali, figo zimechoka na mikono imemvimba. Vidole vya mkono wenye bangili vilianza kuwa vyeusi. Nesi alijaribu sabuni, akajaribu mafuta, kisha akaleta mkasi wa kukatia pete, nao ukateleza juu ya mpingo.

"Mzee, wewe ndiye uliyeitengeneza," alisema nesi. "Itoe leo, la sivyo mkono utakatwa."

Azza akauficha mkono chini ya shuka. "Sitaki, Baba Anfal. Anayevuliwa vito ni maiti. Mama yangu walimvua bado anapumua. Alipoona mikono mitupu akageukia ukutani, hakusema tena."

Mbaruk alilijua hilo, alikuwepo. Moyo ulimuuma, lakini alidanganya bila kupepesa macho. "Naivua niipanue tu, Mama Anfal. Kesho unaivaa."

Mpingo haupanuki. Azza hakujua, au aliamua kutojua, akautoa mkono.

Nyama ilikuwa imezifunika ribiti, hazishikiki. Ilibaki kukata mti wenyewe. Mbaruk akapenyeza mpini wa kijiko kulinda ngozi, akaanza na msumeno wake mwembamba, huku Azza akilia kimya kimya. Bangili ikapasuka vipande vitatu, na taratibu vidole vikarudia rangi yake.

Akaenda moja kwa moja dukani kutengeneza nyingine, pana zaidi, kwa mpingo mwingine na fedha ileile. Alifanya kazi kwa hasira, akijilaani kwa majigambo yake ya miaka yote. Alipomaliza kuisugua kwa nta, nusura adanganyike hata yeye kuwa ni ileile.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, alimvalisha. Ilipita bila kukwama popote. Azza akaizungusha polepole, akipapasa ukingo wake kwa kidole.

"Yangu ilikuwa na alama hapa," alisema. "Niliigonga kwenye sinki, namuogesha Anfal akiwa mchanga."

Mbaruk, pamoja na domo lake lote, akainama kunyoosha shuka.

Azza hakugomba. Aliinua mikono yake mizito, akahangaika na hereni ya kulia mpaka ikatoka, kisha ya kushoto. Akazitia zote mbili kiganjani mwa mumewe na kumfumba vidole.

"Na hizi chukua, Baba Anfal. Umeshaanza, malizia."