Kona Inapokatikia Picha

Sellah alishuka Kakuma saa nne asubuhi akiwa na begi moja, chupa mbili za maji, na hukumu aliyokwisha kuitoa moyoni. Njia nzima kutoka Lodwar hakuwaza kitu kingine ila Ekuru. Huyu Ekuru ndiye aliyekuwa akirusha droni ya shirika lao pale Kakuma, asubuhi na jioni msimu wote wa mvua, ili maji yakianza kuteremka mto Tarach watu waliojenga kandokando waambiwe mapema wahame. Na Ekuru, Sellah alikuwa na hakika, alikuwa anaikata picha makusudi.

Usidhani alikuwa hana sababu. Picha ilikuwa ikikatika mahali pamoja tu, kwenye kona ya mto, kilomita moja na nusu kutoka kituoni, panapoanza vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba. Skrini inajaa ukungu wa kijivu, halafu giza totoro, na droni inageuka kurudi nyumbani yenyewe. Sasa mathenge si ndiyo mkaa? Na Emanikor, ndugu yake Ekuru, si anauza mkaa sokoni mchana kweupe? Sellah alijumlisha moja na moja, akapata mbili: Ekuru anayaficha matanuri ya mkaa ya ndugu yake. Akajipongeza kwa hesabu yake.

Hata hivyo alikuwa fundi anayejiheshimu. Wiki tatu nyuma, wakati picha ilikuwa ikikatika siku mojamoja, alikwenda Kakuma na antena mpya, zile nzuri, akazifunga juu ya mlingoti wa mita sita ili zipate kuona mbali. Mitambo hiyo alikuwa ameijaribu kwanza Lodwar, kwenye uwanda wa mchanga nje ya mji, na picha ikaenda kilomita nne bila hata kukwaruza. Huko huko Lodwar alichagua chaneli ya mawimbi iliyokuwa tupu kuliko zote, kisha akafunga mipangilio yote kwa neno la siri, mkono wa mtu fulani usije ukagusa. Tangu hapo picha ikawa inakatika kila siku, tena pale pale konani.

Mtu gani tena asingeelewa? Jumanne akamwandikia Bwana Ngugi, mkuu wao kule Lodwar: vifaa ni vizima, tatizo ni anayevishika, aondolewe, na asisikilizwe, maana anajua kujieleza. Leo Alhamisi alikuja kumfumania tu.

"Ejok, Madam," Ekuru alimsalimu kwa Kiturkana mlangoni pa kituo. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa maneno, na upole huo ndio uliokuwa ukimkera Sellah kuliko yote.

"Ejok noi. Jana imekuwaje?"

"Picha ilikataa tena. Niliandika kwa kitabu."

"Nimesoma."

Kweli alikuwa amesoma, maana kurasa za daftari hupigwa picha na kutumwa Lodwar kila jioni. Mara tatu Ekuru alikuwa ameandika kwenye daftari la kituo kwamba labda chaneli hii iko na watu wengi. Sellah aliona ni kisingizio cha mtu aliyeokota neno la kitaalamu mahali.

"Leo narusha mwenyewe," alisema. "Wewe kaa kwa lile jiwe, mikono nione."

Ekuru akaenda akakaa, mikono juu ya magoti. Droni ikapaa. Sellah akawa na jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye mikono ile. Mita mia tano, picha safi. Mita elfu moja, mchanga wa mto unaonekana chembe kwa chembe. Kona. Ukungu. Giza.

Aligeuka ghafla. Mikono ilikuwa pale pale.

"Una nini mfukoni?"

Ekuru alimtazama kidogo, kisha akasimama akavitoa vitu vyake na kuvipanga juu ya jiwe: simu iliyozimwa, mswaki wa mti, kitambulisho. Akageuza na mifuko nje. Aibu ilianza kumpanda Sellah, akaimeza. Kama si simu inayoikata picha, basi ameingia ndani ya mipangilio. Ameliiba neno la siri. Akaliandika haraka, akafungua.

Hakuna aliyegusa chochote. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha mwenyewe. Ila chini yake palikuwa na chati inayoonyesha kelele za hewani, ambayo mipangilio ikifungwa mtu mwingine hawezi kuiona. Lodwar, chaneli yake ilikuwa tupu. Hapa ilikuwa imejaa hadi juu: ofisi za mashirika, milingoti ya intaneti ya kambi ya wakimbizi, maduka yanayouza waifai, wote wanapiga kelele hapo hapo. Droni ikiwa karibu ilisikika. Ikifika konani sauti yake ilikuwa nyembamba, inamezwa. Na mlingoti wake mrefu, aliojivunia, ulikuwa unazikusanya kelele za mji mzima vizuri zaidi.

Alihama chaneli. Akarusha tena. Picha ikapita kona kama vile kona haipo. Kilomita mbili. Tatu. Wanawake walikuwa wamechimba kisima mchangani wanachota maji, mbuzi wamewazunguka, mathenge yamesimama bila kuguswa. Sellah alitafuta moshi wa tanuri. Ndiyo, hata sasa alikuwa bado anatafuta. Hakuuona.

"Ulijua ni chaneli?" aliuliza.

"Niliandika."

"Mbona hukuniomba neno la siri?"

"Ningeomba, Madam, ungesema mimi nataka kuficha kitu."

Angesema hivyo, na asingechukua hata dakika. Alitoa simu papo hapo, akaweka sauti kubwa ili Ekuru asikie kila neno, akampigia mkuu.

"Bwana Ngugi, ile barua ya Jumanne naifuta. Kosa ni langu. Chaneli niliifunga mimi. Ekuru hana hatia hata kidogo."

Ngugi akashusha sauti. "Sellah, yuko hapo karibu na wewe?"

"Ndiyo, yupo, lakini—"

"Basi usiongeze. Nimeelewa."

"Hapana, hujaelewa, mimi ndiye—"

"Sawasawa, endelea kujibu hivyo hivyo. Ulinionya anajua kujieleza. Wandera anatoka Kitale kesho kushika hiyo kazi. Wewe panda gari, tutaongea ukifika salama."

Alipiga tena mara tatu. Haikushikwa. Ekuru alikuwa ameshaishusha droni, anaipangusa vumbi bawa kwa bawa.

"Twende wote Lodwar," Sellah alimsihi. "Tumwambie ana kwa ana."

"Tukienda wawili atasema nimekulazimisha."

Akaenda peke yake. Njiani alikuwa akitunga maneno ya kumwambia Ngugi, akiyafuta, akitunga mengine. Kila sentensi aliisikia kama Ngugi atakavyoisikia, na katika hizo zote hapakuwa na hata moja ambayo yeye mwenyewe, Jumanne ile, angeiamini.