Jina la Ijumaa

Kila Ijumaa saa nne, meneja alitaka jina. Hakutaka ripoti wala maelezo, alitaka jina moja la mvivu kutoka kila idara, litundikwe langoni watu wote walione, na aliyerudiwa kutajwa alifutwa kazi. Aliletwa kiwandani miaka ile ya sabini, Kakamega nzima ilipokuwa imelewa miwa, na kabla hajashuka garini alikuwa ameshaamua kwamba wafanyakazi ni wezi wa wakati. Mtu wa namna hiyo haambiliki. Ukimwambia huna mvivu, anakuuliza kama mvivu ni wewe.

Andati, nyapara wa chumba cha kupikia sukari, alikuwa na watu sita na hakuwa na mvivu hata wa dawa. Zamani walikuwa wakiimba. Mtu akiona mvuke umezidi kwa mwenzake alipiga yowe, wote wakakimbia. Majina yalipoanza kutundikwa, kila mtu akachunga chungu chake. Wawili walishamfuata Andati faraghani kumnong'onezea jina la mwenzao, na hilo lilimuuma kuliko makelele yote ya meneja. Kuacha kazi asingeweza. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya watoto ya kampuni, na shamba lake la Khwisero alikuwa amelipanda miwa lote hadi kizingitini.

Ndipo akafanya jambo lisilofanywa. Akaandika "Were".

Were alikuwa rafiki yake, mpishi aliyesugua uji wa sukari kati ya vidole akajua kama chembe zimekomaa. Alikufa kwa nimonia mwaka uliotangulia. Jina la marehemu halichezewi, Andati alifundishwa hivyo tangu utotoni, lakini alijiambia kwamba Were hana tena kazi ya kupoteza. Watu walilisoma langoni, wakaenda zao. Meneja, ambaye hakuwahi kumsalimia mtu kwa jina, hakushtuka. Karani alijua, akanyamaza. Siku hizo kunyamaza ndiko kulikuwa kazi. Ijumaa nne mfululizo mvivu akawa Were, na Andati akapata usingizi.

Jumatatu iliyofuata, Edah, mjane wa Were, alimjia na barua mkononi. Meneja wa zamani alikuwa amemruhusu kukaa katika nyumba ya kampuni mpaka watoto wamalize mwaka unaofuata wa shule.

"Baba Muhonja, nisomee hii vizuri. Wanasema Were amefutwa juu ya uvivu, tutoke kwa nyumba kesho. Mtu amekufa anafutwanga aje?"

Andati aliisoma, herufi zikamchezea.

"Wewe ndiye ulikuwa mkubwa wake," Edah alisema. "Twende tu useme alikufa."

Akienda, atajitaja. Asipoenda, watoto wa rafiki yake watalala nje. Aliona haya, akaenda naye ofisini.

"Alikufa lini?" meneja aliuliza.

"Mwaka jana, bwana."

"Na huu ni mwandiko wa nani?" Akatandaza karatasi nne mezani.

Edah hakujua kusoma, lakini jina la mumewe alilijua.

"Ni wangu," Andati alisema.

Edah akamgeukia. "Ukiwa mgonjwa, Were ndiye alikuwanga anakufanyia kazi. Na wewe ukamwita mvivu?"

Hakulia. Ingekuwa afadhali kama angelia.

Meneja akaichana barua. "Mama abaki kwa nyumba, mimi si mnyama. Lakini wewe umenidanganya Ijumaa nne. Leta majina manne ya watu walio hai, leo, kabla ya saa kumi. Usipoleta, wa kutoka kwa nyumba kesho ni wewe."

Andati alirudi kazini. Watu wake sita walikuwa wameinamia kazi katika mvuke. Alisimama mlangoni akiwachukia wote kwa kuwa wachapakazi. Wanjala ana watoto saba, huyo hapana. Kisha akamwona Ishaq, aliyekuwa bado hajaoa, akiegemea ukuta kidogo, amefumba macho, anapumzisha mgongo. Moyo wa Andati ukaruka kwa furaha.