Kamba Kwenye Mtungi Mama

Mtungi mama niliurithi kwa mama mkwe, naye aliurithi kwa mama mkwe wake. Ndani yake mna mchuzi wa soya mweusi tii. Kila mwaka ukipungua tunaongeza mchuzi mpya, ule wa zamani uufundishe. Siku hiyo tunafunga kamba ya mabua ya mpunga shingoni mwa mtungi, tunachomeka pilipili nyekundu na vipande vya mkaa. Ikishafungwa, kwa siku ishirini na moja hachungulii mtu asiye wa nyumba hii. Hilo mama mkwe alinifunza kabla hajaniruhusu hata kugusa jiko lake.

Mwanangu Gyuhan aliacha kazi karakana ya meli kule Ulsan akarudi kunitunza. Ndiye aliyeanza kuuza mchuzi kwenye chupa, na leseni ni ya kwake. Kwenye chupa aliandika kwamba mchuzi unatoka mtungi wa miaka tisini. Mnunuzi mmoja akalalamika: uongo, huu ni wa kiwandani.

Basi wakaja watu wawili wa ofisi ya kumlinda mlaji. Gyuhan alikuwa kapeleka mzigo mjini. Mkubwa wao, Bi Tak, alivua viatu, akakaa, akanywa chai yangu ya shayiri mpaka ikaisha.

"Bibi, tunaomba kijiko kimoja tu cha mtungi mama, tukapime."

"Nimefunga kamba juzi, mwanangu. Njooni baada ya siku kumi na tisa."

"Sheria haingoji siku kumi na tisa."

"Na mtungi haujasoma sheria."

Mwenzake akacheka. Bi Tak hakucheka. "Nisikilize, Bibi. Huenda mchuzi wako ni safi kabisa. Lakini kukataa ukaguzi ni kosa peke yake, na lina adhabu yake."

Nikasimama mbele ya mtungi na aproni yangu. Hawakunisukuma. Waliinamisha vichwa, wakaenda zao.

Jirani yangu Jeomsun alikuwa ukutani kwake, amesikia yote. "Mama Gyuhan, yaani umeifukuza serikali kwa pilipili tatu?"

Tukacheka mpaka machozi. Nilijiona shujaa siku ile.

Barua ya ofisi yao ikaja. Shule niliiacha darasa la tatu. Herufi nazisoma, maneno ya ofisini ndiyo yananishinda. Ila neno "adhabu" nililiona. Niliiweka chini ya pipa la mchele, maana Gyuhan angeisoma angeufungua mtungi siku hiyohiyo. Ya pili ilipokuja nikaiweka palepale. Kila akirudi huniuliza, "Mama, kuna lolote?" Nami namwambia, "Hakuna, kula."

Siku ya ishirini na mbili nilifungua kamba mwenyewe, nikampigia simu Bi Tak. Akaja, akachota kijiko chake. Mlangoni, akivaa viatu, akasema polepole, "Bibi, tarehe ya mwisho ya kujibu barua ilipita wiki iliyopita. Ungenipigia hata siku moja kabla."

Majibu yalitoka. Mchuzi ni wa kweli, lalamiko limefutwa. Lakini nyuma yake palikuwa na karatasi nyingine: kwa kukataa ukaguzi na kutojibu barua mbili, faini, na leseni imesimamishwa miezi sita. Jina lililoandikwa ni la Gyuhan. Langu halikuwapo popote.

Aliisoma mara mbili. "Barua gani mbili, Mama?"

Nikamwonyesha pipa la mchele kwa kidole. Akaliinua, akazitoa, akapangusa vumbi la mchele.

"Na mimi si mtu wa nyumba hii?" akauliza.

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Miezi sita mnunuzi hakungoji. Anapata mchuzi kwingine, anauzoea. Kabla leseni haijarudi, Gyuhan alikwisha kurudi Ulsan kwenye meli zake. Chupa tupu zimejaa chumbani kwake, nazipangusa ninapopangusa sakafu.

Mwaka huu nimeongeza mchuzi peke yangu. Alipiga simu.

"Mama, umefunga kamba?"

"Nimefunga."

"Na mtu wa ofisi akija?"

"Nitamfungulia."

 Nyuma yake nasikia nyundo zinagonga chuma.

"Haji mtu tena, Mama. Hatuuzi."

Nikamwambia najua. Kisha nikamuuliza kama amekula.