Kiti Mdomoni mwa Shimo

Siku ya kliniki Osiri ilikuwa Jumatatu, na kliniki yenyewe ilikuwa kanisa la Waadventista, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na sakafu ya saruji. Muuguzi, Sista Priscilla, aliweka mizani mbele ya mimbari, akatandika karatasi ya nailoni juu ya benchi na kuwaita akina mama wajawazito mmoja mmoja. Risper alipolala, sista alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akarudi juu chini ya mbavu, akabonyeza.

"Kichwa kiko hapa," akasema. "Mtoto amekaa kitako."

Risper alijua maana yake. Wa kwanza naye alikaa hivyo hivyo, akatoka kwa miguu katika nyumba ya mama mkwe, akazikwa nyuma ya migomba kabla hajapewa jina.

"Huyu namtaka, sista. Huyu lazima nimpate."

"Basi tembea. Asubuhi na jioni, kila siku. Ukipaka nyumba mavi ya ng'ombe, piga magoti, weka mikono chini, mtoto apate nafasi ya kugeuka. Mwezi wa tisa ukifika na bado amekaa, usingoje uchungu. Nenda Homa Bay ukae karibu na hospitali."

Risper alisema dada yake Beverlyne alikuwa mpishi katika shule ya wasichana huko Asumbi, na kitanda kilikuwepo. Sista akafurahi. Kutoka Asumbi, Homa Bay si mbali. Jioni hiyo hiyo Risper alivaa raba za mumewe na kuanza kutembea.

Osiri ni mahali pa dhahabu, na mwanamke mja mzito hapiti karibu na shimo. Wachimbaji wanasema dhahabu humkimbia. Risper alikuwa amesikia hayo tangu aolewe, na hakutaka maneno na mtu, kwa hivyo alizunguka kwa njia ya ng'ombe mpaka mtoni na kurudi.

Katika shimo la mzee Obare, ambamo Wesley mume wa Risper alikuwa akichimba, mshipa wa dhahabu ulipotea asubuhi iliyofuata. Mwamba ulikuwepo, lakini mtupu. Jioni mshipa ulikuwa umerudi, umejilaza pale pale. Kesho yake wanaume waliweka nyundo chini, wakamulika tochi, na wakaiona dhahabu ikiondoka. Ilisogea ndani ya mwamba kuelekea upande wa mtoni, polepole, ikipumzika kidogo kila baada ya hatua chache, kisha ikaendelea. Maurice, aliyekuwa mkubwa wao, alisema afadhali hiyo inarudi jioni. Aliwahi kufanya kazi mahali ambapo dhahabu ilivuka kwenda Tanzania na ikakaa huko. Wesley aliujua mwendo ule; ulikuwa wa mkewe.

Mzee Obare, mwenye shimo, alikuwa mzee wa kanisa na mtu asiyepandisha sauti. Alifikiri kwa siku mbili tatu, akaona kwamba watu wa zamani walikuwa wamelishika jambo hili kinyume. Dhahabu haikuwa ikimkimbia mwanamke mja mzito. Ilikuwa ikimkimbilia. Alivaa shati safi, akaja nyumbani kwa Wesley na sukari mkononi, na akamwita Risper mama.

Bathsheba, mama yake Wesley, alikuwepo. Yeye ndiye nyamrerwa wa pale, mkunga anayewapokea watoto wa majirani, na ndiye aliyempokea yule wa kwanza.

"Haimfuati yeye," akasema. "Inamfuata mtoto."

Obare akasema ni sawa tu, maadamu wako pamoja.

Kiti kilitoka sebuleni kwa Obare mwenyewe. Kilikuwa na mto wa sponji na kitambaa cheupe alichokifuma mkewe. Walikiweka mdomoni mwa shimo, wakakijengea kivuli cha bati, na Risper akakalishwa. Dhahabu ikaja chini yake na kutulia. Asubuhi aliletewa maziwa, mchana samaki ngege wa kukaangwa, na jua likiwa kali aliletewa soda. Bathsheba alisema wako wanawake waliozaa watoto kumi na hawajawahi kupumzishwa namna hiyo, ingawa alipokuwa akisema hivyo hakumtazama mkamwana wake usoni.

Hakuna aliyemfunga. Lisemwe wazi, maana baadaye watu walilirudia sana. Kamba ilikuwepo, lakini haikumgusa. Iliteremka shimoni, na huku juu ilifungwa kwenye mkebe wenye changarawe. Risper akisimama, dhahabu ilibanduka ukutani, wanaume chini wakavuta kamba, mkebe ukalia. Hapo wanawake waliokuwa wakiponda mawe pembeni, aliokuwa akiponda nao mwaka jana, waliinua vichwa na kumtazama. Hawakumtukana. Kila mmoja wao alikuwa na watoto nyumbani, na mawe yale yalitoka shimo lile. Risper aliketi.

Wesley alifanywa mshirika wa shimo. Akanunua mabati.

"Vumilia, nyar Asumbi," alimwambia mkewe, akimwita binti wa kwao kama kawaida yao. "Ni wiki kidogo tu. Mzee amesema pick-up yake itakupeleka Homa Bay mpaka mlangoni."

Wesley aliamini hivyo. Hata Obare aliamini, wala hakuwa akidanganya.

Usiku dhahabu ilimfuata nyumbani, na watu wa Obare walipogundua kwamba vijana wa mashimo mengine wamechimba jikoni kwake, walimjengea kibanda cha bati pale pale shimoni na kuleta kitanda. Asubuhi moja Risper alipiga magoti kibandani, akaweka mikono chini na kuanza kupaka sakafu kama alivyofundishwa. Alihisi mtoto akijinyoosha, na kile kichwa kigumu kikasogea upande. Kule chini dhahabu ilianza kutetemeka na kuvunjikavunjika ikawa vumbi jembamba lisiloshikika hata kwa karai. Maurice alipanda ngazi, akavua kofia, akamwomba aache.

"Na mtoto wangu atageuka aje?"

Maurice akasema mambo hayo hayajui, ataenda kuuliza. Hakurudi na jibu.

Kwa hivyo Risper alifanya yale ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa ameketi. Alizungusha vifundo vya miguu. Aliinua mikono juu ya kichwa, akapumua kwa kina. Chini ya kiti aliweka beseni lenye wembe mpya, uzi, pamba, sabuni, na shuka aliyoifua na kuipiga pasi, akalifunika kwa kanga vumbi lisiingie. Kila asubuhi alijipapasa chini ya mbavu na kukuta kichwa kimerudi mahali pake. Aliogopa, na alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomsaidia zaidi kumaliza siku.

Sista Priscilla alipoona hafiki kliniki, alikuja mwenyewe, viatu vimejaa vumbi.

"Huyu mama anatakiwa kutembea," alimwambia Obare.

"Hakuna mtu amemkataza, sista."

"Haya. Risper, simama twende."

Risper alisimama. Mkebe ukalia. Alipiga hatua, akapiga nyingine, mkebe ukaendelea, na nyundo za wale wanawake zikanyamaza. Wesley akatoka shimoni, uso mweupe kwa unga wa mawe, akasimama kumtazama. Baadaye Risper alimwambia mama mkwe wake kwamba kama Wesley angepiga kelele, angeenda zake. Lakini alimtazama tu, kama mtu anayengoja kuambiwa habari mbaya, na Risper akarudi kitini.

"Basi wiki hii aende Homa Bay," sista akasema. "Asingoje uchungu. Huyu mtoto hajageuka."

"Uchungu ukianza, gari liko tayari," Obare akajibu. "Gari langu halijawahi kukataa kuwaka."

Na kwa kuwa alijivunia sana jambo hilo, alilisema kanisani, akalisema sokoni pia. Wenye mashimo mengine walisikia. Wakapiga hesabu kwamba mama yule akipita barabara ya Homa Bay, dhahabu itapita chini ya barabara ya Homa Bay. Kila mmoja akaenda kuchimba shimo lake la kungojea, akalizungushia vijiti. Wengine walichimba kando, wengine katikati kabisa, pale walipoona magurudumu yatapita. Hawakugombana. Mwanamke mmoja alileta jiko akawauzia chai.

Uchungu ulianza mchana, Risper akiwa kitini, hajasimama. Mkebe ulilia wenyewe. Obare alikimbia mwenyewe kuwasha gari, na likawaka mara moja, kama alivyoahidi. Wakatandika godoro nyuma, Bathsheba akapanda na beseni, Wesley akashikilia kichwa cha mkewe.

Kwenye shimo la kwanza wenyewe walileta mbao wakasaidia kusukuma. Walimpa Risper pole. Wakauliza kama mama anaweza kupumzika hapo kidogo. Mbele kulikuwa na shimo lingine, na watu wengine, na pole nyingine. Gari lilivuka hilo pia. Lililofuata lilikuwa pana zaidi, gurudumu la mbele likatumbukia, na ekseli ikakatika. Mzee Obare alikaa kwenye majani na kushika kichwa. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuharibu barabara namna ile.

Risper aliteremka akatembea. Miguu ilikuwa imesahau kazi, lakini alitembea, mkono begani kwa Bathsheba, akizunguka mashimo, akisimama uchungu ulipobana na kuendelea ulipoachia. Kila alipokwisha kupita shimo, wenyewe waliruka ndani, na majembe yakaanza. Aliyasikia nyuma yake njia nzima. Homa Bay ilikuwa mbali hata kwa gari, na alilijua hilo, ila hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kando ya shamba la mtama miguu ya mtoto ilitoka. Bathsheba alifungua beseni. Kila kitu kilikuwa kisafi, kipya, na kila kitu kilitumika kama ilivyotakiwa. Mwili ulitoka mpaka shingoni, ukabaki hapo. Kichwa kilipotoka, mtoto alikuwa bado na joto, lakini hakuvuta pumzi. Bathsheba alimpulizia mdomoni mpaka akaishiwa nguvu, kisha akamfunga kwenye shuka.

"Ni msichana," akasema.

Risper alimpa jina hapo hapo, ili huyu asizikwe kama mwenzake. Akamwita Terry. Wesley alilia waziwazi, kwa sauti. Barabarani majembe yalikuwa yamenyamaza, kwa sababu dhahabu ilikuwa imesimama chini ya mtoto na haikuwa ikienda popote.

Jioni walimbeba mtoto kurudi nyumbani, na dhahabu ikarudi naye. Walimzika nyuma ya migomba, kando ya yule wa kwanza. Obare alitoa mbao za sanduku, na aliomba vizuri mpaka watu wakafuta machozi.

Kesho yake shimo la Obare lilikuwa tupu. Alikuja kutoa pole tena. Alikaa na Wesley nje, akanywa chai, akauliza hali ya mama, akasema Mungu ndiye anajua. Kikombe kilipoisha alikiweka chini taratibu, akauliza kaburi walilichimba kwa kina gani.

Wesley alimwambia.

Risper alikuwa ndani, dirisha wazi. Alitoka bila kumuaga mtu yeyote, damu ya uzazi bado inamtoka, akatembea mpaka kwenye shimo. Kiti kilikuwa pale pale chini ya bati. Alikiinua pamoja na mto wake, akajitwika, na wanawake waliokuwa wakiponda mawe wakampisha njia. Alirudi nacho nyumbani, akakiweka juu ya udongo mbichi wa kaburi, akaketi.

Jumatatu Sista Priscilla alimkuta hapo. Alimpima joto, akamtazama miguu iliyoanza kuvimba.

"Mama aliyejifungua hatakiwi kukaa hivi, Risper. Damu itaganda. Tembea hata kidogo, mpaka pale jikoni."

"Nikisimama watachimba."

Sista alitazama upande wa ua. Wanaume walikuwa wameketi kwenye majani, majembe katikati ya magoti. Walimwamkia kwa heshima, na mmoja akauliza mgonjwa anaendeleaje. Hawakuwa na haraka. Maurice alikuwa ameshaleta ile kamba na mkebe wake.

Sista Priscilla akaenda kanisani, kwa maana kliniki ilikuwa inangoja. Nje ya mlango aliwakuta wenye mashimo, wamevaa mashati safi, na kila mmoja alikuja na kiti kutoka kwake. Aliwapita, akafunga mlango, na akawafundisha akina mama wajawazito kutembea mle ndani, wakizunguka mabenchi, mkono kiunoni, juu ya sakafu ya saruji.

Adhuhuri mzee Obare alimtumia Risper soda baridi na mto mpya wa kukalia, maana ule wa zamani ulikuwa umebonyea.